Fundi Loserian Mepukori, Aliyefundisha Mikono Ikiwa Mgongoni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Fundi Loserian Mepukori anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Ukingo, hapa Karatu, kwa miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu mlimkuta. Mlifika na vyeti vipya na buti zisizo na doa, mkaonyeshwa stoo, choo, na ile kona ya nyuma yenye moshi ambayo sote tunaiita jikoni, kisha mkaambiwa kwamba yule mzee mrefu mwenye aproni ya ngozi haulizwi saa ngapi atamaliza. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Blandina wa stoo, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu hakuna aliyegombana naye mara nyingi kama mimi, na kugombana nako ni njia ya kufahamiana.

Fundi Loserian alizaliwa nyanda za juu za Ngorongoro, katika ukoo wa wahunzi. Kwa Kimasai watu hao huitwa Ilkunono. Baba yake alifua mikuki, sime na kengele za ng'ombe, na wafugaji wa pande zote walivitumia. Hata hivyo, tangu zamani wafugaji hao walijitenga na waliowafulia. Hawakuoana nao, na aliyepokea chuma kutoka mkononi mwa mhunzi alijipaka mafuta kiganjani kwanza, kwa kuwa chuma ni cha kumwaga damu na waliamini kwamba uzito wake umo katika mikono iliyokiumba. Vijana wengi siku hizi hawajali mambo hayo. Wazee wengine bado wanayashika. Nayasema mapema kwa sababu asiyeyajua hataelewa kilichotokea jikoni mwaka huu. Mimi mwenyewe nimetoka Mamba, kule Kilimanjaro, ambako fundi chuma aliheshimiwa mpaka akaogopwa, na nilichukua muda kuyaelewa.

Mwaka 1993 Loserian alishuka Karatu siku ya mnada kuuza mkuki. Meneja wa wakati ule alikuwa anatafuta mlinzi. Akaona kijana mrefu amesimama karibu na geti letu, mkuki mkononi, ametulia kama mwenye kazi tayari, akamwajiri hapo hapo. Loserian alikubali kwa hesabu kwamba mkuki utauzwa siku nyingine. Mwaka mzima alilinda geti kwa bidhaa aliyokuja kuiuza, na wateja wawili watatu walipoutaka ilibidi awaambie kwamba sasa ni mali ya kazi.

Kilichomtoa getini ni lori la vitunguu kutoka Mang'ola. Lilifika na ndoano ya tela imekatika, mzigo unaanza kuota, na mchomeleaji wetu alikuwa ameiunganisha ndoano ileile mara mbili ikakatika mara mbili. Mlinzi akaomba ruhusa ya kuacha geti. Akachimba kishimo nyuma ya stoo, akawasha mkaa, na kabla jua halijazama akampa dereva ndoano nzito, nyeusi, iliyokunjwa kutoka kipande kimoja cha chuma bila kiungo. Dereva alirudi baada ya wiki chache, si kulalamika, bali kuagiza mbili kwa ajili ya kaka zake. Kile kishimo ndicho kikawa jikoni, na tukatafuta mlinzi mwingine.

Nieleze sasa namna yake ya kufanya kazi, maana ndiyo iliyotugombanisha. Kazi ikija, Fundi Loserian haanzi na kazi. Anaanza na kifaa cha kuifanyia. Sehemu kubwa ya vifaa vyake ni panchi, yaani vipande vya chuma kigumu, urefu wa shibiri hivi, ambavyo ncha yake hupigiliwa kwenye chuma chenye moto ili kukitoboa. Anazo za ncha ya duara, za bapa, za mviringo wa yai kwa ajili ya jicho la jembe, na kila moja aliifua siku ile ilipohitajika mara ya kwanza. Kuna asubuhi mwongoza watalii mmoja alileta kishikio cha tairi la akiba kilichohitaji tundu la mraba, na wageni wake walikuwa wameshakunywa chai ya pili, wanasubiri kwenda kreta. Fundi akachukua springi ya zamani na kuanza kufua panchi ya mraba. Yule kijana alipandisha sauti mpaka mafundi wa rangi wakatoka kuangalia. Fundi alimjibu kwa upole kwamba tundu la mraba halitobolewi kwa hasira, akaendelea. Wageni walichelewa. Panchi ile ya mraba bado inafanya kazi, na yule mwongoza watalii sasa ana magari yake mwenyewe na huyaleta kwetu.

Ugomvi wetu sisi wawili ulihusu springi. Kila springi iliyokatika chini ya gari, mimi niliihesabu kuwa skrepa ya kuuzwa, yeye aliihesabu kuwa panchi ambazo hazijazaliwa. Alikuwa akizigonga moja moja na kuzisikiliza, nyingine akizigusisha kwenye grenda kutazama cheche zake, halafu akiniletea uamuzi kama hakimu: hii uza, hii acha. Niliongea sana. Leo stoo yangu ina rundo la springi pembeni ambalo wanunuzi wa skrepa hawaruhusiwi kulisogelea, na sijui hasa ni siku gani nilishindwa.

Vifaa vyake hakumwazimisha mtu, na hakuazima cha mtu. Wengine waliita uchoyo. Yeye alisema ndivyo alivyolelewa. Nyumbani kwao alikula chakula cha baba yake na kulala kwenye ngozi ya baba yake, lakini nyundo ya baba yake hakuruhusiwa kuigusa. Aliambiwa kwamba akitaka kuwa fundi atengeneze yake, na asipoweza kutengeneza nyundo basi hata akipewa hatajua aifanyie nini. Kwa hiyo ule ubao mrefu wa vifaa unaouona ukutani jikoni, wenye nyundo, makoleo, tindo na panchi, hauna hata kimoja kilichotoka mkononi mwa mtu mwingine.

Mafanikio yake yako wazi kwa kila anayepita barabara hii. Bawaba za mageti ya kambi nyingi za watalii ni zake. Majembe yaliyochakaa yamesafiri juu ya mabasi kutoka Digodigo, yakarudi yana makali mapya. Mwaka 2008 alichaguliwa mfanyakazi bora, akapewa kikombe cha kung'aa. Tulipokitafuta ili tukiweke kwenye maonyesho ya sherehe hii, tulikikuta jikoni kimejaa oili chafu. Miaka yote hiyo amekuwa akizimia panchi ndani yake, na anakisifu kwamba kina mdomo mpana.

Sasa nifike mwaka jana. Mwezi wa saba, meneja wetu Mathias alituita akatangaza kwamba Fundi Loserian akistaafu, jiko litavunjwa na mahali pale pajengwe pa kuoshea magari, labda apatikane mtu wa kuliendesha. Hakusema kwa ubaya. Biashara ni biashara, na mwenye mikono ile alikuwa mmoja tu. Tuliangaliana. Mafundi wa gari waliangalia viatu vyao. Aliyenyoosha mkono ni Nanyokie Kaika, mchomeleaji wetu wa mageti na matela, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano hapa. Alisema kuchomelea anakupenda, ila amechoka kuunganisha vitu vilivyokatika wakati kule nyuma kuna mtu anavifanya visikatike. Hivyo ndivyo alivyoingia, na nadhani ndiye mwanamke wa kwanza kuingia jikoni pasipo mtu kumuuliza chai iko wapi.

Nanyokie ametoka Piyaya, katika familia ya wafugaji. Ana mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye analelewa na bibi na babu yake huko, na kila mwisho wa mwezi Nanyokie hupanda gari kwenda kumwona. Habari kwamba binti wa Kaika anajifunza kwa mhunzi zilifika Piyaya kabla yake. Siku ya mnada iliyofuata, baba yake, Mzee Kaika, akaja karakana.

Mzee Kaika ni mtu wa maneno machache na mwenye adabu. Alinipa salamu, akaulizia afya ya watoto wangu, akakataa soda, akasimama mlangoni mwa jikoni bila kuvuka kizingiti. Yeye na Fundi Loserian ni wa rika moja, na walisalimiana kwa maneno ya watu wa rika moja, lakini mkono haukutolewa. Halafu akasema alichojia. Hakatazi binti yake kufua chuma, maana dunia imegeuka na yeye ameona wanawake wakiendesha malori. Ila hataki apokee chuma kutoka mkononi mwa Olkunoni, yaani mhunzi, iwe nyundo, iwe koleo, iwe msumari. Akitaka vifaa, ajitengenezee. Siku atakapopokea, asirudi na mikono hiyo kwenye boma lake, na mtoto atabaki kule kule alipo.

Nilikasirika kwa niaba ya mwenzangu, nakiri. Nilimwona yule mzee amekuja kufunga mlango kwa ustaarabu, kwa sababu nani anatengeneza vifaa bila vifaa? Ili ufue panchi unahitaji koleo la kuishikia motoni. Ili utengeneze koleo unahitaji panchi ya kutoboa tundu la ribiti inayounganisha mikono yake miwili. Nanyokie alisimama pale na miwani ya kuchomelea imepandishwa kichwani. Nilikuwa najua anachohesabu, kwa kuwa picha ya yule mtoto iko kwenye simu yake na ametuonyesha sote.

Fundi Loserian hakukasirika. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee mwenzangu amesema sawa. Hata baba yangu alinipa masharti hayo hayo." Akachukua hatua mbili nyuma kutoka kwenye moto, akaweka mikono yake mgongoni, mkono mmoja umeshika kifundo cha mwenzake, na kumwambia Nanyokie aende kwa Blandina akachague chuma. Tangu siku ile, kila alipomfundisha, mikono yake ilikaa hapo. Mtu aliyekuja kumfungia binti yake njia alikuwa amelitaja somo la kwanza la uhunzi bila kujua. Au pengine alijua, sikuweza kumsoma usoni.

Basi Nanyokie alichagua fimbo ya chuma cha springi, ndefu, iliyonyooka, iliyotoka chini ya gari moja la watalii. Hapo nikaelewa jinsi fumbo linavyofumbuka. Chuma kikiwa kirefu hakihitaji koleo, kwa sababu ncha moja inaiva motoni na nyingine inabaki baridi mkononi. Nyundo ya kuanzia tulimnunulia mpya dukani, ya kiwandani, isiyojulikana imepita mkononi mwa nani. Ilibaki fuawe, lile pande zito la chuma la kufulia juu yake, ambalo Fundi amelipigia kwa miaka yote hii. Nanyokie alimpigia baba yake simu kumuuliza. Jibu lilichukua siku mbili, na likawa kwamba fuawe haishikwi mkononi wala haitolewi na mtu kumpa mtu, imekaa chini kama jiwe la mtoni, na jiwe la mtoni hukanyagwa na wote.

Panchi ya kwanza aliifua mwezi wa nane. Fundi alisimama kando na kuongea tu. Subiri rangi ya chungwa. Geuza kila unapopiga, usipige upande mmoja. Ikipoteza rangi acha, rudisha, usipige chuma kilichokataa. Ncha ilipokuwa imechongoka na kukatwa bapa, Nanyokie aliizika panchi kwenye majivu ipoe polepole. Kesho yake aliipasha tena na kuichovya kwenye kile kikombe cha mfanyakazi bora ambacho, kwa bahati nzuri, kilitoka mkononi mwa mkuu wa wilaya. Akaing'arisha, akaiweka karibu na moto na kungoja rangi ipande juu ya chuma cheupe, kwanza ya majani makavu, kisha kahawia, na ilipoanza kugeukia zambarau Fundi akasema sasa, naye akaizima. Kichwa chake, pale nyundo inapogonga, kiliachwa laini kwa makusudi ili kisipasuke na kurusha vipande machoni. Nilimwuliza Fundi kwa nini tusimalize habari kwa drili. Alinijibu kwamba drili inatoboa kwa kukiondoa chuma, panchi inatoboa kwa kukisukuma kando, na koleo lililotobolewa kwa panchi halikatiki shingoni. Sikumwuliza tena.

Lakini koleo lenyewe lilimtoa jasho. Nanyokie ametengeneza mageti maisha yake yote ya kazi, na geti lina bawa la kushoto na bawa la kulia yanayotazamana. Kwa hiyo alifua nusu mbili za koleo kwa utaratibu uleule, moja ya kushoto, moja ya kulia. Zilikuwa nzuri. Alipozilaza pamoja hazikupishana, zikagongana vichwa. Koleo linataka nusu mbili zinazofanana kabisa, moja ikapinduliwa juu ya nyingine. Fundi Loserian alikuwa ameliona kosa hilo tangu nusu ya pili ilipoanza kukunjwa, na alinyamaza makusudi. Alituambia baadaye kwamba kosa hilo ukiambiwa unalisahau, ukilifanya hulisahau. Mafundi wa gari walicheka mpaka wakaketi, na Nanyokie alicheka nao, kisha akaenda kusimama nyuma ya tela peke yake kwa muda. Zile nusu mbili ziko stoo, nimekataa kuziuza.

Msidhani kufundisha namna ile kulikuwa rahisi kwa mwalimu. Siku moja panchi ya Nanyokie ilinasa ndani ya chuma chekundu. Panchi ikinasa, kila pumzi inayopita nayo inazidi kuiva, na ugumu wote ulioupata kwa taabu unapotea. Fundi alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Angeweza kuinyakua kwa koleo lake kwa kufumba na kufumbua. Nilimwona akitoa mkono, akausimamisha hewani, akaurudisha mgongoni. Panchi ikaharibika, na Nanyokie akaanza nyingine. Siku ile Fundi hakula chakula cha mchana. Nilipomletea chai aliniambia kwamba maisha yake yote watu wamekuwa wakiihofia mikono yake, na hajawahi kuiona kuwa mizito mpaka alipokatazwa kuitumia kumsaidia mtu. Nikaketi naye.

Kidogo kidogo vifaa vikaongezeka. Upande wa pili wa jikoni ukafungwa ubao mwingine, na juu yake panchi tatu, kisha tindo, kisha koleo linalofunga sawasawa, kisha nyundo iliyotobolewa jicho kwa panchi yake mwenyewe, na ile ya dukani ikarudi stoo. Mwezi wa nne, wakati wa mvua, lori la Mang'ola lilipofika na ndoano imevunjika, Fundi aliketi kwenye benchi akamwachia. Mathias aliikagua ndoano aliyoifua Nanyokie, akaifunga kwenye tela lenye mzigo na kulivuta mpaka mlimani na kurudi. Jioni alitangaza kwamba wa kuosha magari watafutiwe mahali pengine. Jiko limebaki, na hilo ni jambo la kumshukuru Fundi Loserian kuliko yote niliyoyataja.

Ikaja habari ya zawadi. Kamati ilifikiria godoro, mabati, mbuzi wawili. Nanyokie alisema wengine watoe hayo, yeye atampa koleo alilolifua mwenyewe. Tulimkumbusha masharti ya nyumbani. Alijibu kwamba baba yake alikataza kupokea, hakukataza kutoa. Akaanza kulifua, koleo refu la mdomo wa duara, zuri kupita yote aliyowahi kutengeneza. Mkumbuke kwamba Fundi alikuwa hajawahi kugusa hata kimoja cha vifaa vya mwanafunzi wake. Alivijua kwa macho na kwa mlio tu.

Wiki mbili zilizopita Mzee Kaika alirudi. Chapa yake ya kuwekea ng'ombe alama ilikuwa imeliwa na moto, na alikuwa ameagiza mpya kwa binti yake, kwa maneno aliyoyatuma kwa simu kana kwamba anaagiza sukari. Aliketi kwenye benchi nje ya kizingiti, safari hii akakubali chai. Chapa ilikuwa inapoa. Nanyokie, akiwa bado na moto, aliona alimalize koleo la zawadi, na alipolimaliza hakuweza kuvumilia mpaka siku ya sherehe. Zawadi isiyofanya kazi ni aibu, alitaka lijaribiwe. Akamnyooshea Fundi Loserian.

Mikono ya Fundi ikatoka mgongoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye shingo yake, akalipima uzito. Alikuwa anatabasamu. Nilimjua mtu huyu kwa miaka kumi na minane na sikuwahi kuona chombo cha mwingine mkononi mwake. Akalifungua, likafunguka kwa shida. Na hapo akafanya lile ambalo fundi yeyote hulifanya anapokuta kazi ya mwanafunzi ina dosari. Aliligeuza, mpini mbele, akamrudishia na kusema, "Ribiti imebana. Legeza."

Nanyokie akapokea.

Wote wawili wakatambua kwa pamoja. Mtu wa grenda alizima mashine. Nilimwona Nanyokie akitazama koleo lililo mkononi mwake, halafu akamtazama baba yake, na mimi nilikuwa namfikiria yule mtoto wa Piyaya. Fundi Loserian alibaki ameshika hewa, uso wake umepauka, na alianza kusema kitu kwa Kimasai ambacho hakikumalizika. Mzee Kaika aliweka kikombe chini. Yeye na binti yake huwa wanazungumza Kimasai siku zote, lakini aliposema alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili kila aliyekuwapo asikie.

"Fundi amekwambia ribiti imebana. Mbona umesimama?"

Nanyokie akalirudisha koleo motoni. Ribiti iliyobana hulegezwa kwa kupasha moto kiungo na kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, mpaka kipoe. Fundi Loserian alienda upande wa feni ya jiko, akaanza kuizungusha ili moto uwake, na hakuna aliyemkataza. Wawili hao walifanya kazi moja kwenye moto mmoja kwa mara ya kwanza. Niliingia stoo kidogo, maana machozi yangu hayana adabu.

Sitaki kuipamba habari hii kuliko ilivyokuwa. Mzee Kaika hakumpa Fundi mkono siku ile, na sijui kama atampa Ijumaa, ingawa amesema atakuja. Aliichukua chapa yake kutoka kwa binti yake kwa kiganja kikavu, bila mafuta, akaaga kila mtu, Fundi akiwa wa kwanza. Alipofika getini aligeuka akamwambia Nanyokie kwamba mtoto anauliza mama anakuja lini, na kwamba apande gari mapema mwisho wa mwezi kwa sababu barabara ni mbaya.

Fundi Loserian, kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote wa Ukingo, asante kwa kila ndoano, kila bawaba, na kwa kila asubuhi uliyotuchelewesha ili kitu kidumu. Asante kwa kukaa kando na mikono yako wakati ulikuwa na kila sababu ya kuondoka kwa hasira. Vifaa vyako unaondoka navyo, kama ulivyosema siku zote, na ubao wako utabaki mtupu mpaka ukuta uzoee. Tunakuombea afya, malisho mazuri kwa mifugo yako, wajukuu wasumbufu wa kutosha, na maisha mema unakokwenda. Ijumaa Nanyokie atakukabidhi koleo lako mbele ya watu wote. Lifungue, lifunge, na ukilikuta na dosari yoyote, mrudishie.